Klabu Iliyozaliwa Ukumbini mwa Kanisa



Twazoea kudhani kwamba mapenzi ya watu kwa timu ya mji wao huanzia uwanjani. Historia ya klabu ya Celtic ya Glasgow, huko Uskoti, yatuonyesha kwamba yaweza kuanzia kwenye sahani ya mtoto mwenye njaa.

Katikati ya karne ya 19 njaa kuu ya Ireland iliwasukuma maelfu ya watu kuvuka bahari. Wengi walitua mashariki ya Glasgow, wakasongamana katika vyumba duni na kufanya kazi za sulubu kwa ujira mdogo. Walikuwa Wakatoliki katika nchi ya Waprotestanti, na wenyeji wengi waliwadharau. Watoto wao walikwenda shule bila kula.

Bruda Walfrid, Mmaristi mzaliwa wa Ireland, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Moyo Mtakatifu. Yeye na wenzake waliwaandalia watoto hao meza ya chakula, lakini fedha hazikutosha. Mfano ulikuwako Edinburgh: klabu ya Hibernian, iliyoanzishwa mwaka 1875 katika parokia ya Mtakatifu Patrisi, ilitwaa Kombe la Uskoti mwaka 1887. Basi, tarehe 6 Novemba mwaka huohuo, katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Maria, Celtic ikaundwa ili viingilio vilishe maskini. Tarehe 28 Mei 1888 ilicheza mechi yake ya kwanza, ikaifunga Rangers mabao 5-2.

Hibernian ya mwanzo ilipokea Wakatoliki tu. Celtic haikuweka sharti hilo. Uamuzi huo ulizaa matunda. Jock Stein, Mprotestanti, alikuwa kocha wake tarehe 25 Mei 1967, ilipoishinda Internazionale 2-1 mjini Lisbon na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Ulaya. Wachezaji wote 11 walikuwa wamezaliwa ndani ya kilometa 50 hivi kutoka uwanja wao. Mji mzima uliwajua kuwa ni watoto wa nyumbani.

Hata hivyo, hapana budi kusema na upande wa pili. Walfrid alihamishiwa London mwaka 1892, na mwaka 1897 klabu ikawa kampuni ya wenye hisa. Uhasama na Rangers ukavaa joho la dini. Kwa miongo mingi Rangers haikusajili mchezaji aliyejulikana kuwa Mkatoliki, hadi ilipomchukua Mo Johnston mwaka 1989. Tarehe 10 Mei 1980, baada ya fainali ya Kombe la Uskoti, mashabiki wa pande zote mbili walivamia uwanja wa Hampden na kupigana. Walikuwa majirani, na wengine pengine walifanya kazi kiwanda kimoja.

Kuipenda timu ya kwenu si dhambi. Humpa mnyonge mahali pa kusema, "Hapa ni kwetu." Lakini upendo uliozaliwa ili kumlisha mtoto ukiishia kumrushia jirani chupa, umesahau asili yake. Nasi tunaovaa jezi za timu zetu tujiulize juma hili: je, ushabiki wetu unamkaribisha nani, na unamfungia nani mlango?