Jembe la Mama, Mizani ya Baba

Hapa Majengo maharage na muhogo wa Katumba tumeula miaka mingi. Tukiwasifu waliolima husema, "Warundi wale ni wachapakazi." Leo nauliza: Warundi gani?

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yalileta maelfu ya wakimbizi kwetu. Mwaka 1973 Serikali ilifungua makazi ya Katumba, na mwaka 1978 Mishamo, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi pamoja na TCRS, chombo cha Shirikisho la Walutheri Duniani. Mishamo kila familia ilipewa hekta 5. Za pori! Miti ikang'olewa, mahindi yakaota, posho ikakoma. Kufikia mwaka 1985 Mishamo ilikabidhiwa Serikali, ikijilisha yenyewe.

Lakini hekta zile zilikuwa za familia, na mkuu wa familia kwa kawaida ni mume. Tumbaku, zao la fedha, mama aliipanda, akaipalilia, akaichuma. Ilipofika mizani, aliyeitwa ni baba. Fedha ya mama ilitoka kwenye maharage na unga wa muhogo, na hapo palikuwa na kikwazo kingine: mkimbizi hakutoka nje ya makazi bila kibali. Akina mama wa huko niliozungumza nao wanakikumbuka kibali kile kuliko jembe. Mwenye mtoto mgongoni na debe la maharage kichwani hana siku ya kupoteza mlangoni pa ofisi, basi humngoja mchuuzi amfuate, na mchuuzi huja na bei yake mfukoni.

Hata hivyo walikuwa na ardhi. Wenzao waliokimbia baada ya mwaka 1993 waliwekwa katika kambi za Kigoma bila mashamba, mkulima hodari akapanga foleni ya unga. Kwa maoni yangu, sera ya kwanza, pamoja na kasoro zake, ilikuwa na akili zaidi.

Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 162,000 wa kundi lile la mwaka 1972, na kibali kikafa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 nazo zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Cheti cha uraia mama amekipokea kwa jina lake mwenyewe. Shamba alilolifyeka na mumewe, je, limeandikwa kwa jina la nani?