Shangazi, wauguzi na Ebola ya Gulu

Kwa desturi ya Waacholi, shangazi ndiye mwenye jukumu la kuosha maiti ya mtoto wa kaka yake na kuitayarisha kwa maziko. Mwaka 2000, katika wilaya ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, heshima hiyo iliwaponza wengi. Virusi vya Ebola huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na mwili wa aliyekufa kwa ugonjwa huo umejaa virusi. Aliyeosha aliugua, akauguzwa na ndugu, nao wakaugua.

Gulu ilikuwa vitani. Waasi wa Joseph Kony walikuwa wameisumbua Acholi kwa miaka mingi, na maelfu ya watu walibanana kambini, kibanda kwa kibanda. Malaria na kuhara vilikuwa mambo ya kila siku, hivyo homa iliyoua watu wa nyumba moja haikushtua mara moja. Wengine walidhani ni sumu, wengine wakasema ni pepo.

Mwanzoni mwa Oktoba, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor. Mganga mkuu wake, Dkt. Matthew Lukwiya, alikuwa masomoni Makerere. Alipigiwa simu, akarudi. Usiku huo alikaa na mafaili ya wagonjwa, akayasoma moja baada ya jingine: homa, kutapika, wengine kuvuja damu, kisha kifo. Hakusubiri majibu ya maabara. Aliarifu Wizara ya Afya, na wodi ya kuwatenga wagonjwa ikaanza kazi. Sampuli zilipelekwa Johannesburg, Afrika Kusini, kwa sababu Uganda haikuwa na maabara ya kuthibitisha. Katikati ya Oktoba jibu likaja: Ebola, aina ya virusi vya Sudan.

Mengi yameandikwa juu ya wataalamu waliomiminika kutoka nje, na msaada wao ulikuwa mkubwa. Wazee wa Kiacholi hutajwa kidogo, na hapo naona wamepunjwa. Vifo vilipozidi, wao waliutambua ugonjwa kuwa gemo, yaani tauni inayokuja ghafla na kufagia watu, na gemo ina sheria zake za tangu zamani. Mgonjwa hukaa nyumba ya peke yake, mbali na wengine. Anayempelekea chakula ni mtu aliyewahi kuugua akapona. Mabua marefu ya mabingobingo husimikwa kuonya wapitao. Ngoma husimama, watu hawatembeleani, na hata aliyepona hukaa pembeni kwa muda kabla ya kuchangamana na wenzake. Daktari yeyote wa magonjwa ya mlipuko angezitia saini sheria hizo. Maziko nayo yalikabidhiwa vikosi vilivyovaa nguo za kinga, na shangazi akalazimika kutazama kwa mbali.

Muuguzi hakuwa na nafasi ya kutazama kwa mbali. Kazi yake ni kugeuza mgonjwa, kumfuta na kumnywesha. Ndani ya gauni, glavu, barakoa na miwani, kwa joto la Gulu, mtu huchoka, na kosa dogo linatosha. Mwishoni mwa Novemba wahudumu wa Lacor walikufa mfululizo, wenzao wakakusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Lukwiya aliwaambia anayetaka kuondoka aondoke, yeye haiachi kazi yake. Wakarudi wodini.

Hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1989 waasi walipovamia hospitali kuteka watu, alijitoa yeye achukuliwe badala yao, akakaa mikononi mwao siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Safari hii hakuponyoka. Alimhudumia muuguzi aliyekuwa akivuja damu, akaambukizwa, na tarehe 5 Desemba 2000 akafariki. Alizikwa katika viwanja vya Lacor, karibu na kaburi la Dkt. Lucille Teasdale, mmoja wa walioijenga hospitali hiyo.

Mlipuko ulitangazwa kwisha Februari 2001. Watu 425 walikuwa wameugua, wakiwemo wachache wa Masindi na Mbarara, na 224 wakafa.

Tangu hapo Ebola imerudi Uganda mara kadhaa, ikiwemo Bundibugyo mwaka 2007 na Mubende mwaka 2022. Sampuli sasa hupimwa Entebbe. Virusi vya Sudan havijapata chanjo iliyoidhinishwa, ingawa majaribio yalianza Kampala mwaka 2025, siku chache tu baada ya mlipuko mwingine kutangazwa huko. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa katika mlipuko huo alikuwa muuguzi, naye alifariki. Wanaopanga bajeti za afya, iwe Kampala, Dodoma au Nairobi, wahakikishe glavu, gauni na miwani zimo stoo za hospitali za wilaya leo, kabla mgonjwa hajafika, na posho ya anayeingia wodi ya kutengwa ilipwe kwa wakati.