Fishi ya mgonjwa: toka barabara za Uele hadi kambi za wahamaji

Siku moja nilikuwa katika kambi karibu na Goma, nikitafuta sauti za akina mama kwa kipindi cha afya. Mama mmoja alifungua kitenge chake akatoa mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa fishi tatu: mbili za chanjo za watoto, moja yake mwenyewe. Hiyo yake aliigeuza upesi, maandishi chini, akaniomba nisiisome. Sikuisoma. Lakini njiani nilijiuliza: huku kwetu, karatasi ya ugonjwa imekuwa mali ya nani?

Zamani haikuwa ya mgonjwa. Mwaka 1903 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliita waganga wa Liverpool, Uingereza, waje kuchunguza malale, ule ugonjwa wa usingizi uliokuwa ukimaliza watu. Mwaka 1908 Congo ikawa koloni ya Ubelgiji, na karibu na mwaka 1910 ikaja pasipoti ya kiganga. Mtu mweusi aliyetaka kusafiri katika maeneo ya malale alipaswa kuwa nayo. Vikundi vya afya vilipita kijiji kwa kijiji. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, majina yakaandikwa. Aliyepatikana na ugonjwa aliweza kupelekwa lazareti, kama ile ya Ibembo kule Uele, mbali na jamaa yake. Dawa ya wakati ule, atoxyl, ilipofusha baadhi ya wagonjwa. Basi wengine walikimbilia porini waliposikia waganga wanakuja, na mimi siwezi kuwaita wajinga.

Cha kushangaza, serikali hiyo hiyo ya kikoloni ndiyo iliyotuachia sheria ya siri. Kifungu cha 73 cha sheria ya makosa ya tarehe 30 Januari 1940 kinaadhibu mtu anayepokea siri za watu kwa sababu ya kazi yake, kisha akazitoa: kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita, pamoja na faini. Anaruhusiwa kusema tu akiitwa kutoa ushahidi mahakamani, ao kama sheria yenyewe inamlazimisha. Kifungu hicho kingali kinafanya kazi. Mimi binafsi sijafuata kesi hata moja ambamo muuguzi alishitakiwa kwacho.

Leo, ukifika kituo cha afya, habari zako zinaandikwa mara mbili. Fishi unarudi nayo nyumbani. Rejista inabaki kituoni. Kila mwezi kituo kinatuma ripoti kwenye ofisi ya zone ya afya, na ripoti hiyo inabeba hesabu: malaria wangapi, wazazi wangapi waliojifungua. Jina lako halihitajiki humo. Jina linasafiri ukihamishwa hospitali kubwa, kwa barua ambayo mganga anamwandikia mganga mwenzake. Linasafiri pia kwa ugonjwa wa mlipuko, na hapo ndipo maneno huwa mengi.

Tunakumbuka Ebola. Ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2200 wakiwa wamekufa. Kila aliyemgusa mgonjwa aliandikwa kwenye orodha akafuatwa siku 21. Kazi hiyo iliokoa watu, nakubali. Lakini gari likisimama mbele ya mlango wako kila asubuhi, jirani hahitaji kusoma rejista. Beni na Butembo kuna watu walioihama orodha, jinsi wazee wa Uele walivyoihama mistari ya malale.

Kwa virusi vya ukimwi, tuna sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008. Inakataza ubaguzi na inalinda siri ya mwenye virusi. Ni karatasi nzuri. Lakini chini ya hema, meza ya muuguzi iko hatua mbili toka kwa mstari. Nimeshasikia mahali fulani jina la mtu likiitwa pamoja na dawa aliyofuata, na mstari mzima ukageuka kumtazama. Wiki iliyofuata, ni nani angerudi?

Anayetumia dawa za kila siku ndiye anayeumia zaidi. Akitupa fishi njiani ili wenzake wa hema wasiione, kituo kipya hakijui alikuwa anameza nini, tangu lini. Akiitunza, anaogopa siku mvua itakapofanya vitu vyote vianikwe nje. Wauguzi wawili niliozungumza nao walisema jambo moja: mama asitupe, na akifika mezani aombe kusema pembeni, bila kueleza mstarini sababu. Anaweza pia kutaja kituo alikotoka ili wao wenyewe wapige simu huko.

Na sisi wa redio tumo. Tulikuwa na desturi ya kupiga picha za fishi kama ushahidi wa habari. Mbili zilikuwa bado katika simu yangu, majina yanasomeka kabisa. Nimezifuta jana.