Mawe meusi ya Goma: ramani ya hatari tunaikanyaga kila siku

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililo juu ya Nyiragongo lilikauka kwa muda usiofika saa moja. Ubavu wa mlima ulipasuka, lava ikatelemka kwa mbio ya hadi kilomita 60 kwa saa, na wengi vijijini hawakupata nafasi ya kukimbia. Ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma.

Tarehe 17 Januari 2002 mipasuko ilifunguka tena upande wa kusini, hadi Munigi, mlangoni mwa mji. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya Goma na kuingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 100,000 walibaki bila nyumba.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 wakaaji waliona mbingu nyekundu bila kupewa onyo. Lava ilimeza nyumba za Buhene. Siku 5 baadaye, kwa sababu ya matetemeko na hofu ya lava kutokea chini ya mji, mitaa 10 kati ya 18 iliamriwa kuhama. Watu walielekea Sake, Minova na Rwanda.

Mara hizo 3 zinatufundisha jambo moja. Nyiragongo haifuriki kama sufuria. Inapasuka ubavuni, na mipasuko inaelekea kwetu. Kwa hiyo ramani ya hatari inaanza na njia za zamani za lava. Inaonyesha mahali, lakini haitaji siku.

Mwaka 2022, familia nyingi zilizokimbia vita Rutshuru zilipiga mahema Kanyaruchinya, juu ya mawe hayo meusi. Aliyefika jana hawezi kujua jiwe lilitoka wapi. Mwenyeji anajua, na ni deni lake kumwambia.

Amwambie pia juu ya mazuku, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake. Ni hewa nzito isiyoonekana, inayotoka ardhini na kutulia mabondeni. Mtoto anayelala chini hupatwa wa kwanza. Ukiona ndege au mbuzi wamekufa shimoni bila jeraha, usishuke kuwaokota, na usijenge hapo.

Leo jioni, kabla ya kulala, mwulize mzee wa mtaa wako: lava ilipita wapi, na watu walikimbilia njia gani?