Mashine Ilishinda Mwaka 1979

Mjomba wangu amepiga picha za eksrei miaka mingi katika hospitali moja ya wilaya. Siku ilipoletwa kompyuta ya kusoma picha hizo yenyewe, kutafuta kifua kikuu, alirudi nyumbani akala kimya. Mimi, niliyeishia kidato cha nne na kutamani kuandika riwaya, nikaanza kutafuta habari hii ilianzia wapi.

Kumbe ni ya zamani! Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Edward Shortliffe na wenzake walitunga programu iliyoitwa MYCIN. Daktari akijibu maswali yake, ilitaja vijidudu vinavyoshukiwa na dawa ya kutoa. Mwaka 1979 yakatangazwa matokeo ya jaribio: wagonjwa kumi wa homa ya uti wa mgongo, na waamuzi wasioambiwa jibu lipi ni la nani. MYCIN ilipata asilimia 65. Katika mabingwa watano wa hapohapo Stanford, hakuna aliyepita 62.5. Ndugu msomaji, mashine ilishinda! Hata hivyo haikuingia katika kazi ya kila siku wodini. Ilitaka kuandikiwa kila kitu, na nani ana nafasi hiyo foleni ikiwa mlangoni? Tena mgonjwa akifa, aulizwe nani?

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton wa Toronto akasema watu waache kufundisha madaktari wa eksrei, eti katika miaka mitano kompyuta itawapita. Mitano ikaisha, madaktari hao bado wanatafutwa. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likakubali kompyuta isome picha za kifua badala ya mtu, katika kuwachuja wenye miaka 15 na zaidi.

Basi mjomba hakuogopa bure. Nikamwamkia, nikamwuliza amebakiwa na nini.

"Mjomba," akanijibu, "chombo kinatoa namba, sifuri mpaka mia. Ikivuka mstari, mtu akatoe makohozi. Mstari wenyewe wanaupanga watu. Ukiupandisha, wagonjwa wanarudi kwao na ugonjwa. Ukiushusha, maabara inazidiwa."

Juzi alikuja mama mmoja, namba yake chini ya mstari. Mashine iliona picha tu. Mjomba alikuwa amemsikia akikohoa tangu kwenye benchi. Akamrudisha kwa daktari aandikiwe kipimo.

"Wakakuta nini?"

"Majibu bado," akasema, akavuta sahani yake.