Nani Abebe Mzigo wa Kueleweka? Lugha na Mawasiliano Shirikishi katika Bonde la Lukuledi

Mhadhara huu unahusu swali moja la kihistoria: watu wa asili mbalimbali wanapokutana mahali pamoja, ni nani hubeba mzigo wa kueleweka? Bonde la Lukuledi, Masasi, na Newala iliyo juu ya uwanda wa Makonde, vinatupatia ushahidi wa kutosha.

Ni vyema ikumbukwe kwamba eneo hili si la lugha moja. Kiyao, Kimwera na Kimakonde, ambazo Guthrie aliziweka katika kundi la P20, zina ujamaa wa karibu. Kimakua kimo katika kundi la P30, nacho kinatofautiana nazo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo dhana kwamba watu wa Kusini wanaelewana tu haina msingi wa kiisimu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, waliotoka Unguja. Asili zao zilikuwa tofauti. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichowaunganisha. Majirani zao, Wamakua na Wayao, walikuwa na lugha zao. Steere alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha Kiswahili mwaka 1870 na cha Kiyao mwaka 1871. Chauncy Maples akafuatia na cha Kimakua mwaka 1879. Hapa mgeni alikubali kuwa mwanafunzi. Hata hivyo usawa haukukamilika, kwani mgeni huyohuyo ndiye aliyeamua lipi liandikwe na lipi lisomwe kanisani.

Jambo la pili ni jando. Vincent Lucas, Askofu wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, anajulikana kwa kuliingiza jando katika maisha ya Kikristo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1972, alitukumbusha kwamba kazi hiyo haikuwa ya askofu peke yake: mapadri na walimu wa Kiafrika, waliojua lugha na maana za jando, walikuwa na mchango mkubwa. Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi kwao. Mafunzo yake yalikuwa mikononi mwa wanawake wazee, nao hawakuwa miongoni mwa mapadri waliokaa mezani na askofu. Asiyealikwa kusema hawezi kushirikishwa kwa kutafsiriwa tu.

Je, historia hii inatuhusu leo? Naam. Kiswahili kimetupatia umoja ambao mataifa mengi hayana, nami sina nia ya kuudhoofisha. Lakini lugha ya mahakama ya mwanzo ni Kiswahili, na bibi kizee wa Newala aliyezoea kueleza mambo yake kwa Kimakonde anaweza kushindwa kufafanua mpaka wa shamba lake, hali mpinzani wake aliyesoma anasikika vizuri. Hapo kinachopotea ni haki. Kumcheka kwa lafudhi yake, au kumhesabu mjinga kwa sababu amekawia kujibu, ni kumtwika yeye peke yake mzigo uliopaswa kugawanywa.

Kwa kuhitimisha, wanafunzi wa isimu wanaokwenda kutafiti huko wasitosheke na kuuliza watu wanasema lugha gani. Waulize pia ni nani hunyamaza lugha fulani inapotumika. Jibu la swali hilo halipatikani katika sarufi. Hupatikana kwa kukaa na kusikiliza.