Kifaa cha Kuvaliwa cha Kusomea Maandishi

Kifaa cha kuvaliwa cha kusomea maandishi ni kamera ndogo inayobandikwa kwenye fremu ya miwani, ikapiga picha ya maandishi na kuyatamka karibu na sikio. Huwafaa watu wenye uoni hafifu, ambao jicho lao bora, hata kwa miwani, huona chini ya 6/18. Kinachojulikana zaidi ni OrCam MyEye, cha kampuni iliyoanzishwa Jerusalem mwaka 2010. Toleo lake la pili lina uzito wa gramu 22.5 na husoma bila intaneti, faida kubwa kwa mkazi wa Sigor, Kaunti ya Bomet, mtandao unapoyumba. Mvaaji huelekeza kidole kwenye ukurasa wa kitabu, risiti ya majani ya chai au kibandiko cha dawa. Mwanga mdogo, karatasi iliyokunjamana na mwandiko wa mkono hukitatiza kifaa. Sauti iliyoundwa kwa Kiingereza huharibu matamshi ya Kiswahili na Kikipsigis. Kikwazo kikuu ni bei, iliyofikia maelfu ya dola. Kwa wengi, simu yenye programu ya kusoma ndiyo njia iliyo karibu. Kabla ya kununua chochote, macho yapimwe kwanza, kwa mfano katika Hospitali ya Tenwek karibu na mji wa Bomet, kwani chanzo cha uoni hafifu kikiwa mtoto wa jicho, huondolewa kwa upasuaji.